Nani Aipimaye Mizani ya Kiwanja cha Ndege?

Wanachama na ndugu zetu wa Unguja na Pemba,

Imekuwa ada kwamba kila panapoulizwa khabari ya usalama wa viwanja vyetu vya ndege, Waheshimiwa hutujibu kwa kututajia vyombo: mashine mpya imeletwa, kamera zimefungwa, uzio umejengwa. Vyombo hivyo hatuvichukii. Lakini tunalo suali moja ambalo jawabu lake si mashine. Ni nani anayevipima vyombo hivyo pamoja na watu wanaovitumia, amevipima lini mara ya mwisho, na kasoro alizoziona zimerekebishwa au zimelazwa katika jalada?

Sisi wenye maduka jambo hili twalijua vyema. Mkaguzi wa mizani aingiapo dukani hamuulizi mwenye duka, "Jee, mizani yako ni sawa?" Kila mwenye duka angejibu kuwa ni sawa, na wengi wao wangesema hivyo kwa nia safi kabisa. Mkaguzi huja na mawe yake mwenyewe, akayaweka juu ya mizani, na mizani ikajisema. Wala haleti barua wiki moja mbele kutangaza siku atakayokuja. Wazee walimjua muhtasib, aliyezunguka sokoni kwa amri ya mtawala akikagua pishi na ratili. Naye hakuwa muuzaji wa nafaka. Lau angekuwa na gunia lake pale sokoni, nani angeziamini hukumu zake?

Hayo hatukuyabuni sisi. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 ndio uliotengeneza kanuni za usafiri wa anga baina ya mataifa, na Kiambatisho chake cha 17, kilichopitishwa mwaka 1974 baada ya miaka mingi ya utekaji wa ndege, ndicho kinachohusu ulinzi. Kinaitaka kila dola iwe na mpango wa taifa wa usalama wa anga, kisha iwe na mpango wa pili wa kuupima ule wa kwanza: ukaguzi wa taratibu, ukaguzi wa mahali penyewe, na majaribio ya siri, ambapo mtu aliyetumwa hujaribu kupitisha silaha ya bandia ili ijulikane kama itakamatwa. Na kinaagiza kwamba upimaji huo usiongozwe na wale wale wanaoifanya kazi inayopimwa. Tangu mwaka 2002, kufuatia msiba wa Septemba 2001 huko Marekani, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, hutuma wakaguzi wake kuzikagua dola zenyewe.

Wako watakaosema kwamba walinzi wetu ni watu wa kuaminika na hapana haja ya kuwajaribu. Basi na waitazame Marekani, nchi yenye fedha na mashine kupita sisi. Mwaka 2015 ilijulikana kwamba wakaguzi wa serikali walijifanya abiria wakajaribu mara 70 kupitisha silaha na mabomu ya bandia katika viwanja vya ndege vya nchi ile. Mara 67 walipita. Mkuu wa idara iliyohusika, aliyekuwa akikaimu, aliondolewa katika kiti chake. Aibu ilikuwa kubwa. Lakini nchi isiyojaribu hubaki na tundu lile lile, ila yenyewe haina khabari.

Tena khatari haipitii mlango wa abiria peke yake. Tarehe 2 Februari 2016, ndege ya Daallo iliondoka Mogadishu kwenda Djibouti, na baada ya muda mfupi angani bomu likatoboa ubavu wake. Aliyekufa ni mwenye bomu, na ndege ikarudi salama kwa rehema ya Mungu. Serikali ya Somalia ilionyesha picha za kamera: kompyuta iliyoshukiwa kuwa na bomu alikabidhiwa mtu yule ndani ya kiwanja, alipokwisha kukaguliwa. Kamera ilikuwapo, na iliona. Iliyokosekana ni hisabu ya watu wa ndani.

Wala haya si mambo ya wageni tu. Mnamo Februari 1982 ndege ya Shirika la Ndege la Tanzania ilitekwa ikitoka Mwanza kwenda Dar es Salaam, watekaji wakitaka Rais Nyerere ajiuzulu. Ilipitishwa Nairobi, Jeddah na Athens hata ikafika Stansted, Uingereza. Waliopanda kwa safari ya nyumbani walijikuta Ulaya.

Sasa tuje kwetu. Usafiri wa anga umo katika orodha ya mambo ya Muungano ndani ya Katiba ya mwaka 1977. Msimamizi ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Mwenye kuviendesha viwanja vyetu ni Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Zanzibar. Kumtenga msimamizi na mwendeshaji ni jambo jema, na ndilo linalotakiwa. Tunachokikhofu ni dhamana kuangukia baina ya viti viwili: Mwakilishi akiuliza Chukwani aambiwe kwamba hilo ni la Muungano, na Mbunge akiuliza Dodoma aambiwe kwamba kiwanja ni cha Zanzibar.

Tutaambiwa kwamba hizi ni siri za usalama. Tunakubali kwamba zipo siri. Kumwambia mwizi kuwa mlango wa nyuma umevunjika ni ukhaini. Lakini kumwambia mwenye nyumba kuwa fundi ameitwa, na siku aliyoahidi kumaliza kazi, ni haki yake mwenye nyumba.

Kwa hivyo twataka mambo manne. Kwanza, kila mwaka Baraza la Wawakilishi lielezwe ni majaribio mangapi yaliyofanywa katika viwanja vya Unguja na Pemba, na ni kasoro ngapi zilizopita muda wake bila ya kurekebishwa. Mahali pa kasoro pasitajwe. Pili, mkaguzi asiajiriwe wala asipandishwe cheo na yule anayemkagua. Tatu, mfanyakazi wa chini anayetoa khabari ya kasoro alindwe, asihamishwe wala kufukuzwa. Nne, mkubwa na mdogo wapite katika mashine moja, kwani mlinzi aliyezoea kumfungulia mkubwa atamfungulia pia anayejifanya mkubwa.

Asiyeona uzito wa jambo hili na aiangalie Misri. Tarehe 31 Oktoba 2015 ndege ya Urusi iliyotoka Sharm el-Sheikh ilianguka Sinai, wakafa watu 224, na Urusi ikatangaza kuwa ni bomu. Uingereza ilizizuia ndege zake kwenda mji ule hadi mwaka 2019. Urusi haikuzirudisha ndege zake katika miji ya pwani ya Misri hadi mwaka 2021. Sharm el-Sheikh, kama sisi, huishi kwa wageni. Lakini Misri ni nchi kubwa yenye mto na mashamba na mfereji. Visiwa vyetu vina nini? Mpishi wa hoteli, dereva wa gari ya wageni, mvuvi auzaye pweza wake jikoni kwa watalii, na sisi tunaowauzia wote hao mchele na sukari, tungekula nini miaka minne?

Wanachama, ulizeni matawini, na muulizeni kila Mwakilishi apitaye kuomba kura: mizani ya kiwanja ilipimwa lini, na nani? Jawabu likija tutalichapisha hapa hapa. Lisipokuja, tutalichapisha suali tena.