MOSHI PEKE YAKE HAUIVISHI KUKU

Ndugu wanaushirika,

Siku hizi nyumba nyingi hapa kijijini zina uchanja wa moshi, au nusu pipa nyuma ya jiko. Jambo jema. Kuku wa moshi sokoni ana bei kuliko yule anayechukuliwa na mchuuzi mlangoni. Sisemi tuache. Nasema tunakosea njia.

Wengi wetu tunamfanya kuku kama perege. Si sawa! Perege anapasuliwa, anatiwa chumvi, joto linapenya, anakauka. Kuku mzima ni mnene. Ngozi inageuka kahawia, harufu inaita majirani, kumbe kwenye kiungo cha paja bado damu mbichi. Nyama ya kuku inatakiwa ifike joto la nyuzi 74 ndani kabisa. Moshi wa polepole waweza kuchukua saa nyingi bila kufika hapo. Vijidudu vya kuhara vinabaki hai, na wa kwanza kuumia ni watoto na wazee.

Kwa hiyo naona tufanye hivi:

1. Kuku aliyekufa kwa kideri asipande uchanja wala asiende sokoni. Afukiwe chini sana. Moshi unaficha harufu tu, na manyoya yake yanapeleka ugonjwa banda la jirani.

2. Kuku mzima achemshwe kwanza na chumvi mpaka aive na paja lilegee. Moshi ufuate, kwa ajili ya ladha na rangi.

3. Kuni ziwe kavu, za mwembe au mpera. Msonobari una utomvu, unaleta masizi machungu. Mbao zenye rangi au dawa ni sumu.

4. Aliwe au auzwe siku ile ile. Ndani bado ana maji. Hakai juu ya dari kama dagaa.

Najua wapo watakaosema, "Mbona babu zetu walikula na hawakufa?" Haya, lakini babu alikula na watu wa nyumbani kwake. Sisi tunauza kwa jina la ushirika. Mteja mmoja akiugua, hataulizwa kuku alikuwa wa nani. Litatajwa jina la kijiji.

Naomba kamati ilete jambo hili mkutanoni: kuku asiyechemshwa kwanza asiuzwe kwa jina letu. Kuni za sufuria moja si gharama kubwa kuliko jina likiharibika.

Mwanaushirika mwenzenu