Dola si Nasaba

Kila aketiye barazani jioni, redio ikisoma habari za Gaza, amepata kulisikia jambo hili: msomaji wa habari husema "jeshi la Israeli", lakini msikilizaji amgeukiapo jirani yake husema "Myahudi". Kwa neno hilo moja huwa amewataja waziri aliyetoa amri, na rubani aliyeitii, na ajuza wa Buenos Aires ambaye hajapata kuiona Jerusalem wala kuipigia kura serikali yake, na mkulima wa Mbale, Uganda, ambaye tutamrudia punde. Hatudai kwamba kila asemaye hivyo ana chuki moyoni. Aghalabu ni mazoea ya ulimi. Walakini mazoea ya ulimi ndiyo mlango ambao chuki hupita bila ya kupiga hodi, na kwa kuwa toleo hili lote lahusu kadhia ya Palestina, imetulazimu kusema, kabla ya makala ya kwanza, ni kitu gani tunachokilaumu na ni kitu gani ambacho hatutakiruhusu kiingie katika kurasa hizi.

Mfano ulio bora hatukuufuata mbali. Februari 1967, siku chache baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Julius Nyerere aliandika katika gazeti la The Nationalist kwamba mtu awachukiaye Mayahudi, au Waasia, au Wazungu, huyo si mjamaa, kwani anawahukumu wanadamu kwa rangi na umbo walilopewa na Mungu. Oktoba mwaka ule ule, baada ya vita vya Juni ambamo Israeli iliiteka Gaza, Sinai, Ukingo wa Magharibi na Milima ya Golan, Mwalimu huyo huyo alisimama Mwanza mbele ya mkutano wa TANU akasema kwamba kuanzishwa kwa dola ya Israeli kulikuwa ni uchokozi juu ya Waarabu. Kwamba mataifa yaliufumbia macho kwa sababu ya mateso waliyoyapata Mayahudi. Kwamba Tanzania hata hivyo inaitambua dola hiyo na kuitakia urafiki. Na kwamba haiwezi kuridhia uchokozi kwa kisingizio chochote. Mtu aweza kuyapinga maneno hayo, lakini hataona ndani yake hata moja lililoelekezwa kwa nasaba ya mtu. Miezi minane kati ya risala na hotuba, na mizani ni ile ile.

Sasa mtazame jirani yake. Idi Amin wa Uganda alikuwa rafiki wa Israeli, jeshi lake likifunzwa na maofisa wa huko, hata urafiki ulipoharibika mwaka 1972 akawafukuza. Kuwafukuza maofisa wa dola ya kigeni ni haki ya serikali yoyote, na lau angaliishia hapo tusingalikuwa na neno. Lakini Septemba mwaka ule, baada ya wanamichezo na walimu wao 11 wa Israeli kuuawa katika mkasa wa Munich, alimpelekea Kurt Waldheim, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, telegramu ya kumsifu Hitler kwa kuwaua Mayahudi milioni sita. Na katika utawala wake waliandamwa Abayudaya, wakulima Waafrika wa vijiji vya karibu na Mbale, ambao wazee wao waliishika dini ya Musa tangu mnamo 1919 wakimfuata Semei Kakungulu, mkuu wa Kiganda aliyeisoma Biblia kwa akili yake mwenyewe akaridhika kwamba Sabato ni Jumamosi. Watu hao hawakuwa na askari wala waziri Tel Aviv. Wakapigwa marufuku kuabudu, masinagogi yao yakafungwa, wengi wakaingia dini nyingine, na Amin alipoangushwa mwaka 1979 walikuwa wamesalia mamia tu. Jina ndilo lililowatia hatiani.

Mpaka, basi, haukufichika kama wengi wadhanivyo. Lawama ya siasa ina mtendaji na ina tendo, na kwa hivyo ina kikomo: walowezi wakiyaacha mashamba waliyoyatwaa, mzingiro ukiondolewa, mfungwa asiyehukumiwa akifunguliwa, mlalamikaji hana tena la kulalamikia. Chuki haina kikomo kwa kuwa haikuanzia katika tendo. Kile kitabu kiitwacho Itifaki za Wazee wa Sayuni, kinachodai kwamba Mayahudi wamekula njama ya kuitawala dunia, kilichapishwa Urusi mwaka 1903, miaka 45 kabla ya Israeli kuwa dola. Na gazeti la The Times la London lilikwisha kuonyesha mwaka 1921 kwamba kimeibwa katika kitabu cha Kifaransa cha kumkejeli Napoleon III. Mtu akiandika juu ya Gaza, akayaacha mabomu akaingia katika mabenki na mkono wa siri uendeshao dunia, amekwisha kuwasahau Wapalestina na anasimulia kitabu hicho, ajue asijue. Poland mwaka 1968 chama tawala kiliendesha kampeni kiliyoiita ya kupinga Uzayuni, na watu zaidi ya 13,000 wenye asili ya Kiyahudi, wengine wao waliookoka maangamizi ya Wanazi, wakaihama nchi na kupoteza uraia. Hapana Mpalestina hata mmoja aliyerudishiwa shamba lake kwa kampeni hiyo.

Lakini wapo pia wenye kulitia kila neno la kuilaumu serikali ya Israeli chapa ya chuki, na dhulma hii nayo ina watu iwaumizao. Mpalestina ambaye babu yake alikuwa miongoni mwa watu zaidi ya 700,000 waliofukuzwa au kukimbia makwao mwaka 1948, aisimulie nyumba yao kwa lugha gani isiyomtaja aliyeichukua? Edwin Montagu, waziri Myahudi katika serikali ya Uingereza, aliipinga mwaka 1917 azma ya kuwafanyia Mayahudi taifa Palestina, akihofu kwamba itamfanya Myahudi wa kila nchi aonekane mgeni kwao. Profesa Yeshayahu Leibowitz wa Jerusalem, mtu aliyeishika sheria ya Musa maisha yake yote, alisema tangu baada ya vita vya 1967 kwamba kutawala taifa jingine kutaiharibu Israeli yenyewe. Je, hao nao waliwachukia Mayahudi? Yale maelezo ya maana ya chuki hiyo yaliyopitishwa mwaka 2016 na muungano wa mataifa wa kuyakumbuka Maangamizi yasema yenyewe kwamba kuilaumu Israeli kama ilaumiwavyo nchi nyingine si chuki. Na Kenneth Stern, Mmarekani aliyeongoza kuandikwa kwa matini yake ya awali, amelalamika kuona yakitumiwa kuwanyamazisha watu vyuoni. Asemaye kwamba kuilaumu serikali ile ni kuwachukia Mayahudi amemfunga ajuza wa Buenos Aires kwa waziri wa Jerusalem, na kamba ni ile ile aliyoishika Amin.

Mojawapo ya makala mtakazozisoma, juu ya mizeituni iliyokatwa katika Ukingo wa Magharibi, ilitufikia ikisema "Mayahudi" tangu mwanzo hata mwisho. Tulimrudishia mwandishi, tukamwomba kila penye neno hilo aandike ni nani hasa. Hakupendezwa, alitujibu kwamba twamfunga ulimi. Baada ya wiki tatu ikarudi. Palipokuwa na jina moja sasa pana walowezi wenye misumeno, na askari waliosimama wakitazama, na amri ya kijeshi iliyofunga njia ya shamba. Na mahali pamoja, tusipopatazamia, pana rabi wa Kiisraeli aliyekuja wakati wa mavuno kusimama kati ya walowezi na wachumaji, ambaye katika nakala ya kwanza hakupata pa kukaa. Makala hiyo ndiyo tuliyoitanguliza.