TUSIUZE KAMIO KWA KILO

Tunasikia wengine wakisema kamio ya zamani nyuma ya atelie ikatwe, iuzwe kama chuma tu. Sisi hatukubali. Kamio inayotuletea unga ni ya aina ileile. Ikivunjika, piesi tutazitoa wapi? Hapa Baraka hakuna.

Muangalie meli Liemba ya ziwa letu Tanganyika. Wajeremani waliizamisha mwaka 1916, lakini kwanza walipaka moteri zake grese nyingi juu ya kuzikinga na kutu. Waingereza waliiinua 1924, na 1927 ikasafiri tena.

Basi na sisi tupake grese, tufunike, buloni zote tuzitie ndani ya kopo. Feza ya chuma italiwa siku moja, njaa haingoji.