Tiketi ni Mukataba: Tuache Kunyamaza ku Uwanja wa Ndege



Mu inchi hii tuko na zoea moja mubaya: tunalipa, halafu tunashukuru wakati wanatutumikia, sawa vile wametupa zawadi. Iko vile kwa umeme, iko vile kwa maji, na iko vile kwa ndege. Leo tunazungumuzia ndege.

Kila mwenye alisha kusafiri kati ya Kinshasa na mashariki anajua namna inapitaka. Tiketi inasema saa 4 ya asubui. Unafika mapema, unalipa Go-Pass, unapita ku meza ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila mutu anakuomba "ya maji". Saa 4 inapita, saa 8 inapita, hakuna hata ajenti mumoja wa kompani wa kusema kitu. Mangaribi ndiyo wanatangaza: "Ndege haiendi tena, murudie kesho." Kesho yenyewe inakuwa kesho kutwa. Hakuna chakula, hakuna fasi ya kulala, hakuna wa kuomba musamaha. Ama ndege inaenda, lakini kiti chako kimeshapewa mukubwa fulani mwenye alifika nyuma na walinzi wake. Ama unafika wewe, muzigo wako unabakia, na wanakuambia upite kila siku kuangalia.

Wengine watasema: hayo ni mateso ya matajiri, maskini hana shida ya ndege. Si kweli. Kati ya Kinshasa na Bunia, kati ya Kinshasa na Beni, barabara iko wapi? Mwenye kupanda ndege ni mama muuzaji mwenye alichukua pesa ya likelemba. Ni mugonjwa mwenye familia nzima ilimuchangia. Ni kijana mwenye diplome yake mu bahasha, aliitwa ku ekzame ya kazi baada ya miaka ya kungoja. Ndege ikichelewa siku mbili, daktari amesha pokea wengine, na kazi imepewa mutu mwingine. Fasi barabara imekatika ama iko mu mikono ya watu wenye silaha, ndege si anasa. Ndiyo barabara yetu.

Sasa tuongee sheria, juu wengi wanazani haiko.

Iko. Kode Sivile yetu, Kitabu cha 3, tangu 1888, inasema mu artikle 33 kama mapatano yenye kufanywa sawasawa ni sheria kwa wale wenye kupatana. Tiketi ni mapatano: wewe ulitoa pesa, kompani ilitoa neno lake. Artikle 258 inaongeza kama mwenye kuletea mwenzake hasara kwa kosa lake, anapashwa kuitengeneza. Tuko na sheria namba 10/014 ya tarehe 31/12/2010 juu ya usafiri wa anga. Na kwa safari za kutoka inchi moja kwenda ingine, Congo iko ndani ya Mapatano ya Montréal ya 1999. Hayo yanalazimisha kompani kulipa hasara ya kuchelewa na ya muzigo, mupaka kipimo fulani. Lakini yanakupa siku za kuhesabu: muzigo ukiharibika, andika mu siku 7, ukichelewa kufika, andika mu siku 21 tangu siku unaupokea, kushitaki, miaka 2. Ukinyamaza, haki inakufa mu mikono yako mwenyewe.

Tuangalie kwa wengine. Umoja wa Ulaya uko na sheria namba 261 ya 2004. Mukongomani mwenye kupanda ndege ya kompani ya Ulaya kutoka Kinshasa kwenda Bruxelles, ikichelewa kufika zaidi ya masaa 4 bila sababu ya kupita nguvu ya kompani, ana haki ya euro 600. Ni yeye yule, na paspoti ile ile. Akipanda ndege ya Kinshasa kwenda Kisangani na alale chini siku mbili, hakuna bei yenye kuandikwa fasi yoyote. Anabakia na kuomba, kulalamika, ama kwenda kuanza kesi kutoka sifuri. Tofauti haiko mu damu wala mu rangi ya ndege. Kule sheria iliandika bei ya zarau, na watu walienda ku tribinali kuidai.

Mu Marekani vilevile, haki haikuanguka kutoka mbinguni. Tarehe 9/4/2017, ku Chicago, United Airlines ilitaka viti 4 kwa wafanyakazi wake mu ndege yenye ilikuwa imeshajaa. Daktari mumoja wa miaka 69 alikataa kutoka. Walinzi walimuburuta chini, wakamuvunja pua na meno. Wasafiri wenzake walichukua video, yeye akachukua avoka. Tarehe 27 ya mwezi ule ule kompani ilipatana naye, na ikatangaza kama musafiri mwenye kukubali kuacha kiti chake anaweza kupewa mupaka dola 10.000. Tuone vizuri vitu viwili vyenye vilifanya kazi: telefone za wale wenye walikuwa pembeni, na mutu mwenye hakukubali ipite bure.

Kwetu watu wanaogopa, na tunawaelewa. Avoka anaomba pesa, kesi inakokota, na kesho utahitaji tena ndege ya kompani ile ile. Kompani inajua hesabu hiyo kupita sisi. Musafiri mumoja mwenye kulia ni kelele tu. Wasafiri 60 wenye barua moja na saini zao ni kesi.

Na hii haiishie ku viti na mizigo. Tarehe 15/4/2008 ndege ya Hewa Bora ilianguka Birere, ku Goma. Tarehe 24/11/2019 ndege ya Busy Bee, yenye ilikuwa inaenda Beni, iliangukia manyumba ya Mapendo, Goma vilevile. Leta yenye haina sikio kwa musafiri mwenye kuchelewa siku mbili, ndiyo yenye tunategemea iangalie motere na uzito wa mizigo. Atakuwa na sikio gani siku ya hatari?

Kwa hiyo tunadai:

1. Wizara ya Uchukuzi itoe amri yenye kuweka bei ya kulipa musafiri wa ndani ya inchi: kwa kuchelewa, kwa safari yenye kufutwa, kwa kiti chenye kuuzwa mara mbili.
2. Autorité de l'Aviation Civile iweke biro ya malalamiko ku kila uwanja wa ndege, yenye kupokea barua na kutoa akize ya bure.
3. Mukubwa yeyote asitoshe musafiri ku kiti chake. Akitaka kusafiri, alipe na afuate mustari.
4. RVA itangaze kila mwaka pesa ya Go-Pass imetengeneza nini ku kila uwanja. Tunalipa tangu 2009.

Na wewe, kijana mwenzetu, usingoje amri hiyo. Chunga tiketi, karata ya kupandia na karatasi ya muzigo. Piga picha ya tangazo na ya saa. Uliza ajenti sababu ya kuchelewa, uiandike. Chukua namba za telefone za wenzako wa safari mbele hamujatawanyika. Andikeni barua moja, musaini wote, muipeleke ku kompani na mubakie na kopi yenye kupigwa kashe. Wakikataa kujibu, Tripaix iko kwa madai ya pesa kidogo, na baro ya avoka iko na biro ya mashauri ya bure kwa wenye hawana uwezo.

Kati yetu muko wengi wenye mulimaliza droit na munashinda ku nyumba. Kazi hakuna, lakini kalamu iko. Tunaomba kila muji utoe watu 3 wa kusaidia wasafiri kuandika hizo barua, bila kuomba hata franka. Mutuandikie muko wapi, tuanze.

Tulilipa. Hatuombi, tunadai.