Duka Kongwe la Dawa Lisibomolewe

Nakuru, mji uliokuzwa na reli ya kutoka kwetu Mombasa, ulipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021. Hadhi ni njema, ila hupandisha bei ya ardhi, na bei ya ardhi ni adui wa nyumba kongwe. Wako wasemao: duka la dawa la zama za walowezi lina faida gani? Libomolewe, lipande ghorofa.

Jawabu liko Unguja. Mbele ya bandari, tajiri Tharia Topan aliweka jiwe la msingi mwaka 1887. Alifariki mwaka 1891, na jengo likamalizika mwaka 1894 bila yeye. Tangu mwaka 1900 likawa zahanati ya hisani, chini dawa, juu nyumba za kukaa. Baada ya Mapinduzi ya 1964 lilitupwa hata likachakaa. Lakini halikubomolewa. Likakarabatiwa katika miaka ya 1990, na leo nakshi za baraza zake hutazamwa na kila ashukaye melini.

Ni kweli, la Unguja lilikuwa sadaka, na la Nakuru lilikuwa biashara ya watawala. Hiyo ndiyo sababu ya kuyahifadhi yote mawili: moja lishuhudie wema, jingine ubaguzi. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 yaruhusu jengo kulindwa. Basi itumike kabla ya tingatinga, kwani shahidi akishauawa, kesi imekwisha.