Mpiga Mbizi Nchi Kavu

Asubuhi ya tarehe 21 Oktoba 2017, helikopta iliyobeba watu watano ilianguka katika Ziwa Nakuru. Hakuna aliyenusurika. Wasomaji watakumbuka kwamba shughuli ya kuwatafuta marehemu na mabaki ya chombo hicho haikumalizika kwa siku mbili wala tatu, bali ilichukua majuma. Wazamiaji wa Jeshi la Wanamaji na wa idara nyinginezo waliletwa. Jamaa za marehemu walikesha ufukoni, na kila jioni swali lilikuwa lile lile: mbona ziwa lenye kina cha mita chache tu liwashinde wataalamu waliozoea bahari?

Swali hilo liliulizwa kwa hasira, na hasira ya mfiwa haina lawama. Lakini hasira ikishatulia, swali lenyewe linastahili kujibiwa kwa utaratibu, kwa sababu halikuhusu ajali moja tu. Linahusu namna tunavyowafunza watu wetu kuingia majini, mahali tunapowafunzia, na lugha tunayotumia kuwafunza.

Wapo watakaosema kwamba uzamiaji ni jambo la pwani na kwamba mtu wa Nakuru, aishiye zaidi ya kilomita 500 kutoka Mombasa, hana haja nalo. Wahenga walisema kwamba mpiga mbizi nchi kavu huchunuka usoni, na huenda wako wanaodhani kwamba methali hiyo ilitungwa kwa ajili yetu sisi wa bara. Hoja hii haina mashiko tena. Tangu mwaka wa 2010 hivi, maziwa ya Bonde la Ufa yamekuwa yakifura: Naivasha, Nakuru, Bogoria na Baringo yamemeza mashamba, barabara, shule na makazi ya watu. Mnamo tarehe 9 Mei 2018, bwawa la Patel huko Solai lilipasuka usiku na kuua zaidi ya watu 40. Katika Ziwa Naivasha, wavuvi na watalii hupanda mashua kila siku. Nchi kavu yetu si kavu kama tunavyodhani.

Aidha, askari wako papa hapa. Chuo cha Kijeshi cha Kenya kiko Lanet, mwendo mfupi kutoka ziwani, na hapo ndipo makurutu wa uafisa wa nchi kavu, wa angani na wa majini huanzia mafunzo yao. Gilgil nako kuna kambi. Ni jambo la kutafakari kwamba afisa ambaye siku moja ataamuru wazamiaji Mombasa hupata mafunzo yake ya kwanza karibu na Ziwa Nakuru. Maji yako karibu na askari wako karibu. Linalobaki ni kuvikutanisha viwili hivyo kwa usalama.

Katika majeshi mengi duniani, uzamiaji una sura mbili. Ya kwanza ni ya kazi: kutegua mabomu, kukagua meli, kuopoa miili na vyombo. Ya pili ni ya burudani, ambapo askari huzamia siku za mapumziko katika chama au klabu yao, bila amri ya vita. Nchini Uingereza, askari hufanya hivyo kama sehemu ya michezo ya kujenga ujasiri, kwa kufuata vyeti vya chama cha kiraia cha uzamiaji kilichoanzishwa mwaka wa 1953. Marekani nayo ina maduka na walimu wa uzamiaji katika baadhi ya kambi zake.

Mlipa kodi wa Nakuru aweza kuuliza: burudani hii ya nini, na vijana hawana kazi? Jibu ni kwamba ustadi wa kuzamia hufa usipotumiwa. Mtu aliyefuzu mwaka juzi na ambaye hajaingia majini tangu wakati huo ni mzamiaji wa karatasi. Tena historia yaonyesha kwamba burudani na jeshi katika jambo hili ni pacha. Jedwali za kwanza za kisayansi za kumwezesha mzamiaji kupanda bila kudhurika zilitolewa na Haldane mwaka wa 1908 kwa ajili ya Jeshi la Wanamaji la Uingereza, baada ya kufanyia mbuzi majaribio. Kifaa cha kupumulia kilichofungua bahari kwa raia wa kawaida kilibuniwa nchini Ufaransa mwaka wa 1943 na mhandisi Gagnan akishirikiana na Cousteau, aliyekuwa afisa wa majini.

Hata hivyo, sura hizi mbili zisichanganywe. Uzamiaji wa burudani una mpaka wake: mita 40 kwenda chini, bila ulazima wa kusimama njiani wakati wa kupanda, na daima watu wawili wawili. Gari lililotumbukia kutoka kivuko cha Likoni tarehe 29 Septemba 2019, likiwa na mama na binti yake, liliopolewa tarehe 11 Oktoba kutoka kina cha takriban mita 58. Hiyo si kazi ya mwenye cheti cha burudani, hata awe shujaa kiasi gani. Kumtuma huko kwa sababu tu anajua kuzamia ni kuongeza maiti mwingine. Burudani humzoesha mtu maji na kumpa nidhamu ya msingi, lakini haimpi kibali cha kuopoa.

Sasa tuingie katika kiini cha jambo. Kanuni nyingi za uzamiaji zilitungwa zikichukulia kwamba maji yako usawa wa bahari. Ziwa Nakuru liko kwenye kimo cha takriban mita 1,750, na Naivasha liko juu zaidi, karibu mita 1,880. Huku kwetu shinikizo la hewa ni kama asilimia 80 tu ya lile la pwani. Mzamiaji akiwa chini, naitrojeni iliyomo katika hewa anayovuta huyeyuka mwilini. Akipanda, gesi hiyo hutaka kutoka. Akipanda pole pole hutoka kwa amani kupitia mapafu. Akipanda kwa pupa hufanya viputo mwilini, kama soda inapofunguliwa baada ya kutikiswa. Viputo hivyo huleta maumivu ya viungo, kupooza, na hata kifo.

Na kadiri hewa ya juu ilivyo nyepesi, ndivyo viputo vinavyotokea kwa wepesi. Ndiyo maana, kwa hesabu za wataalamu, kuzamia mita 20 katika kimo cha maziwa yetu kwahesabiwa kama kuzamia karibu mita 24 au 25 baharini. Jedwali za kawaida za burudani hazifai kutumiwa bila marekebisho pale maji yanapozidi kimo cha mita 300. Mwanajeshi aliyefuzu vizuri Mombasa, akaja Naivasha na jedwali yake ya Mombasa, amekuja na ramani ya mji mwingine.

Kuna mtego mwingine ambao haumo majini kabisa, bali barabarani. Tuchukue mfano wa askari wa Lanet au Gilgil aliyepata likizo fupi. Jumapili asubuhi anazamia Watamu au Shimoni, mchana anashika safari, na usiku yumo ndani ya gari liendalo Nakuru. Ushauri unaotolewa kwa wazamiaji ni kungoja angalau saa 12 baada ya mzamo mmoja, na saa 18 baada ya mizamo kadhaa, kabla ya kupanda ndege. Askari wetu atasema, "Mimi sipandi ndege." Lakini barabara ya Nairobi kwenda Nakuru hupita nyanda za Limuru na Kinale kwenye kimo cha zaidi ya mita 2,400, na hicho ndicho kiwango cha juu ambacho hewa ndani ya ndege ya abiria hulinganishwa nacho. Kwa mwili wa mzamiaji, kupanda Kinale ni kupanda ndege. Ratiba ya likizo ambayo haikulizingatia jambo hili yaweza kumwumiza askari aliyefanya kila kitu sawasawa chini ya maji.

Vivyo hivyo, anayeumia Naivasha hawezi kupelekwa kokote kwa wepesi. Tiba yake ni chumba maalumu cha mgandamizo, na kwa miaka mingi wazamiaji wa Kenya wametegemea kile cha Jeshi la Wanamaji, Mombasa. Njia ya kwenda huko hupanda kwanza nyanda hizo hizo kabla ya kuteremka. Kwa hiyo mpango wa kumsafirisha majeruhi, pamoja na oksijeni ya kumpa njiani, hauna budi kuandikwa kabla mtu wa kwanza hajalowa.

Tena yako mambo ya ziwa lenyewe. Maji ya Nakuru ni ya magadi, huwasha macho, na tope lake humfanya mzamiaji asione mkono wake mwenyewe. Naivasha lina viboko na magugu. Baringo lina mamba. Aliyezoea maji meupe ya matumbawe hufunzwa upya hapa: kupapasa badala ya kutazama, kufuata kamba badala ya macho, na kuwaachia wenyeji neno la mwisho kuhusu wanyama.

Nafika sasa kwenye jambo lililo karibu na taaluma yangu, yaani lugha. Kanuni ya kwanza ya uzamiaji wa burudani ni kwamba yeyote, wakati wowote, kwa sababu yoyote, aweza kusitisha mzamo bila kuulizwa wala kuchekwa. Jeshini mambo ni kinyume: mdogo hutii, mkubwa huamua. Mkubwa huitwa "afande", neno lililotujia kutoka Kituruki, na jibu la kila swali la afande ni moja: "Ndiyo, afande!" Je, koplo aliye na baridi, masikio yakimwuma, hewa yake ikipungua, atamwonyesha meja ishara ya kwamba hataki kuendelea? Asipoweza, usalama wote uliobaki ni bahati. Cheo hakina budi kuvuliwa ufukoni pamoja na viatu.

Walimu wanalijua tatizo hili kuliko askari. Mwalimu huuliza darasani, "Mmeelewa?" Darasa zima huitikia, "Ndiyo, mwalimu!" Kisha mtihani hufichua kwamba walioelewa ni watatu. Katika darasa la kuzamia, kosa kama hilo halisahihishwi kwa kalamu nyekundu. Mkufunzi mwema haulizi "umeelewa?" bali husema "nieleze utafanya nini hewa ikikwisha," na hamruhusu mtu kuingia majini hadi aeleze kwa maneno yake na kutenda kwa mikono yake.

Hata ishara za mikono ni lugha yenye sarufi yake. Kwetu kidole gumba kikiinuliwa maana yake ni "sawa". Kwa mzamiaji maana yake ni "tupande juu". "Sawa" yake huonyeshwa kwa kukutanisha ncha ya gumba na ya kidole cha shahada. Mwanafunzi akichanganya hizi mbili, aliyetaka kusema kwamba hali ni njema ataambia mwenzake waondoke, na aliyetaka kuokolewa atadhaniwa yu salama.

Pana wanaodai kwamba Kiswahili hakina maneno ya elimu hii. Dai hili si la kweli. Tunayo mbizi, mpiga mbizi, kuzama, kuzamia, kuzamua, kuibuka, kina, mkondo, mtungi wa hewa. Tofauti kati ya kuzama na kuzamia pekee ni somo zima: anayezama amepatwa, anayezamia amekusudia. Ni kweli kwamba "mzamiaji" pia humaanisha anayejificha melini ili asafiri bila nauli, lakini muktadha huondoa utata. Askari wa King's African Rifles, waliotoka katika jamii nyingi, waliunganishwa na Kiswahili kazini. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Hapana sababu mwongozo wa usalama wa uzamiaji usiwepo katika lugha hiyo.

Umuhimu wake hauishii kambini. Ndege ya abiria ilipoanguka katika Ziwa Victoria, karibu na uwanja wa Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022, waliofika kwanza ni wavuvi, na watu 24 kati ya 43 waliokuwamo walinusurika. Hapa kwetu pia, atakayefika kwanza ni mvuvi wa Karagita au wa Kampi ya Samaki, kabla ya askari yeyote. Huduma ya Walinzi wa Pwani, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2018, imepewa pia dhamana ya maji ya bara. Mvuvi, mlinzi, askari na daktari watakutana ufukoni, na ikiwa kila mmoja ana msamiati wake, dakika za kwanza zitapotea katika kuelezana.

Yanayotakikana si makubwa. Kwanza, askari wa kambi za Bonde la Ufa wanaopenda kuzamia wawe na chama kinachotambuliwa, chenye mkufunzi aliyefuzu, daftari la mizamo la kila mwanachama na cheti cha daktari kinachohuishwa. Pili, kila anayefuzu pwani apewe somo la nyanda za juu kabla ya kugusa maziwa yetu, na likizo ya pwani ihesabu saa za kungoja kabla ya safari ya kurudi. Tatu, mwongozo mfupi wa Kiswahili, wenye ishara zilizochorwa, utumiwe na askari pamoja na wavuvi. Vyuo vikuu vyetu vina wataalamu wa fizikia, wa tiba na wa lugha. Kazi hii yaweza kuwa ya muhula mmoja.

Mwalimu wa fizikia anayesoma makala haya aweza kuanza kesho, kwa chupa ya soda na swali moja kwa wanafunzi wake: kwa nini mzamiaji wa Naivasha hawezi kutumia jedwali ya Mombasa? Huenda mmoja wao, miaka michache ijayo, akasimama kwenye ufuko wa Ziwa Nakuru akiwa na mtungi mgongoni, na jamaa za waliopotea wakimtazama.