Mguu wa mkulima haungoji vikao

MKULIMA wa alizeti wa Iramba mwenye kisukari anakanyaga mwiba asubuhi, hasikii. Ganzi imekwisha ukamata mguu. Anarudi shambani na makatambuga yake siku ya pili, ya tatu, na kinachokuja kumshtua ni harufu ya donda. Ndipo safari ya hospitali inaanza, na wengi hurudi kijijini na gongo.

Balaa hili linazuilika. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Profesa Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake, wakiwamo wa kutoka nje, walifundisha madaktari na wauguzi wetu kutunza mguu wa kisukari. Lakini mabingwa wa miguu bado ni adimu. Anayekubali kuja Singida angepaswa kupokewa stendi kwa ngoma. Sisi tunamdai karatasi.

Aliyesajiliwa Arusha anatibu Manyoni bila leseni ya pili. Hapo tumewapita Wamarekani, ambao kila jimbo lao hutoa leseni yake. Ila daktari wa Zanzibar, raia wa Jamhuri hii hii, akivuka bahari inambidi asajiliwe tena na Baraza la Madaktari Tanganyika, kwa kuwa afya si jambo la Muungano. Wa Nairobi vivyo hivyo, ingawa Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki inatumika tangu Julai 2010, na ibara yake ya 11 inazitaka nchi zitambuane vyeti.

Mgonjwa wa Mkalama huvuka mpaka wa mkoa kwenda Haydom. Wakubwa wakiugua hupanda ndege kwenda India. Mgonjwa kumfuata daktari ruksa; daktari kumfuata mgonjwa ndiyo nongwa!

Hatusemi mlango uachwe wazi. Madaktari feki tunawajua, na sheria ya 2017 iwabane barabara. Lakini mtu ambaye jina lake limo kwenye rejesta ya Zanzibar au ya Kenya, na hana shauri la nidhamu, anachunguzwa nini tena? Mabaraza yaandikiane barua moja, leseni itoke ndani ya wiki mbili, naye afike Kiomboi awafundishe wauguzi wa zahanati kukagua nyayo za kila mgonjwa wa kisukari.

Waziri wa Afya atuambie: lini?